Kitako cha Bunduki ya Baba

Kibosho,
14 Januari 2024

Kaka Ildefonce,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba bruda wa mapokezi hakuifungua akidhani ni mchango wa mnara. Sisi huku hatujambo. Mama goti lake linamruhusu kufika zizini na kurudi. Ng'ombe alizaa siku ya Mtakatifu Stefano, akazaa dume, na mama amemnunia mpaka leo. Kahawa ni kidogo. Upepo wa tarehe 6 uliangusha migomba minne ya upande wa mfereji; tumefanikiwa kusimamisha miwili.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya jumuiya yenu iko mapokezi, na jambo lenyewe si la kuongelea mbele ya wageni wanaosubiri kuungama. Ni habari ya bunduki ya baba.

Tangu tumzike, Oktoba ya mwaka juzi, bunduki iko ghala la polisi mjini. Tarehe 9 mwezi huu nilikwenda kuiulizia. Afisa alinieleza kwamba isipopata mrithi mwenye leseni hadi tarehe 30 Juni, itaorodheshwa pamoja na silaha za kuteketezwa. Mimi naitaka. Sababu unaijua nusu, nusu nyingine ni hii: Chekereni ninalima ploti mbili za mpunga, na mwaka jana mwezi wa saba bata maji walinimalizia kitalu. Nimeangalia kwenye daftari langu. Tarehe 19 Julai waliteremka bata kama sitini, tarehe 20 zaidi ya mia, tarehe 22 nikaacha kuhesabu. Nilifunga mikanda ya kaseti, nilipiga debe, nililala kwenye tuta. Bata walizoea debe wakawa wanakuja wakilisikia, kama kengele ya chakula. Nilichelewa zamu ya maji, sikupanda. Kamati ya maji ya kwetu imesema wazi kwamba atakayekosa kupanda misimu miwili mfululizo ya mwezi wa saba ananyang'anywa ploti, anapewa anayesubiri. Wanaosubiri ni wengi.

Karatasi zangu nyingine zimeshaanza safari: mtendaji amesaini, picha nimepiga, mafunzo ya kushika silaha nimejiandikisha. Kinachohitajika kwetu ni muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za watoto wote wa marehemu, kuanzia mzaliwa wa kwanza. Watoto tuko wawili.

Kabla ya hapo nataka ushauri wako. Najua kwamba hapo abasia bunduki ya kufukuzia nguruwe pori unaitengeneza wewe. Ile ya baba inamfaa mtu kama mimi kwa bata? Au nitafute nyingine? Niandikie kwa vipimo, usiniandikie kwa maneno ya faraja.

Mama anakusalimu.

Mdogo wako,
Salvina

*

Abasia, Songea,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Salvina,

Milele na milele, amina. Marahaba.

Barua yako ilifika tarehe 2 bila kufunguliwa. Sisi tu wazima. Mvua ni nzuri mno, barabara ya kwenda kwenye kinu imekatika, kwa hiyo tunasaga kwa zamu. Bruda mzee wa karakana, aliyenifundisha kazi, amelazwa, mwombeeni. Mpe mama pole ya goti, na mwambie dume nalo ni kiumbe cha Mungu.

Umetaka vipimo. Bunduki ya bata ni ya marisau, vile vijirisasi vidogo, hilo unalijua. Ukubwa wa mtutu unaofaa ni namba 12 au namba 20. Namba 12 inabeba marisau mengi zaidi, lakini inapiga teke begani, na mtu mwepesi akishapigwa teke mara tatu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta traiga. Mtu anayefumba macho hapigi bata. Kwako wewe ningechagua namba 20, mtutu mmoja, nyepesi. Marisau yawe namba 5. Bata akiwa mbali kupita hatua thelathini na tano mwache aende zake, utamjeruhi tu. Usimlenge yeye, lenga anakokwenda, na usisimamishe mkono wakati wa kuvuta.

Bunduki ya baba ni namba 12, mitutu miwili iliyolala sambamba, nzito, na kitako chake kirefu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa umbo la baba. Kwa maoni yangu iache.

Kabla ya kununua yoyote, pima vitu viwili. Cha kwanza: kunja mkono, pima kutoka kwenye kiwiko kwa ndani mpaka kwenye ncha ya kidole cha shahada kilichokunjwa kama kimeshika traiga. Huo ndio urefu wa kitako chako. Cha pili ni jicho. Nyoosha mikono yote miwili, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, kisha rudisha mikono taratibu mpaka usoni bila kukipoteza. Tundu litakwenda lenyewe kwenye jicho linalotawala. Bunduki hukaa bega la upande wa jicho hilo. Ukiiweka upande mwingine unaweza kupiga mwaka mzima na usipate unyoya.

Habari ya muhtasari nimeisoma.

Kaka yako katika Kristo,
Br. Ildefonce

*

Kibosho,
3 Machi 2024

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Tumemwombea bruda mzee kwenye jumuiya ndogo ndogo siku ya Alhamisi; mama alikosea jina lake mara mbili, lakini Mungu atakuwa ameelewa. Kwaresma imetukuta salama. Dume tumelibadilisha kwa mtamba wa jirani na mama ameanza kuzungumza tena na ng'ombe.

Vipimo vyangu: mkono, sentimita 33. Jicho, la kushoto. Nilijipima nikitazama msalaba wa kanisa kutoka kwenye ua wetu, mara tano, zote la kushoto. Nikampima mama, akapata la kulia, akafurahi kama ameshinda mtihani.

Tarehe 21 Februari nilishuka mjini kwenye duka la silaha. Wana namba 20 moja, nzuri, nyepesi kama ulivyosema. Nikasoma karatasi ya bei iliyoning'inizwa kwenye traiga, nikashukuru, nikatoka. Muuzaji aliniambia, "Dada, ungekaa hata unywe maji." Kwa hiyo ushauri wako ni mzuri, lakini ni wa mtu mwingine.

Nilipitia polisi. Afisa ni mtu mstaarabu; alinitolea bunduki ya baba nikaishika mbele yake, ikiwa tupu. Nilikuwa na futi ya fundi cherehani. Kitako, sentimita 37. Pale baba alipokuwa analaza shavu mbao imekuwa laini na nyeusi. Halafu niligundua kitu: kitako chote kimepinda kidogo kuelekea kulia. Nikiweka bega la kushoto, mitutu inatazama pembeni yangu. Afisa alicheka, akasema, "Mama, hiyo inakukataa."

Kwa hiyo najua kasoro zake: ni nzito, ni ndefu, na imepinda. Bado naitaka, kwa sababu ndiyo iliyopo, na kitako ni mbao, na mbao hukatwa. Fundi Rogath anasema anaweza. Ninachohitaji kwako ni sahihi.

Nikuulize na jambo jingine. Wewe jicho lako ni lipi?

Salvina

*

Abasia, Songea,
20 Aprili 2024

Mdogo wangu Salvina,

Kristo amefufuka. Samahani kwa kuchelewa. Kwaresma hatuandiki barua ila za lazima, na baada ya Pasaka bruda mzee alifariki, tarehe 8. Tulimzika kwenye makaburi ya ndani. Karakana sasa iko mikononi mwangu. Kuna misumeno yake kumi na nne, kila mmoja ameuandika jina la kazi yake kwa Kijerumani, nami nasoma nusu tu.

Nimefikiria tena habari ya bunduki. Kitako kilichopinda kulia kinaweza kunyooshwa kwa mvuke na mafuta ya moto, lakini fundi asiyezoea atakipasua. Kukikata kunabadilisha uzani. Bunduki yenye mitutu mizito na kitako kifupi huinamia mbele. Pia sijui hali ya mitutu kwa ndani. Imekaa ghalani mwaka mmoja na nusu bila mafuta. Kutu ya ndani ni hatari.

Kuna njia nyingine za bata. Wavu juu ya kitalu. Kusia mbegu kwa kuchelewa wiki mbili. Kuweka maji mengi zaidi siku tatu za kwanza. Nimesikia pia kwamba kamati za maji zikiandikiwa barua nzuri huongeza muda. Naweza kukuandikia hiyo barua.

Bunduki ile acha iende zake. Imefanya kazi yake na mwenyewe amekwenda.

Msalimie mama. Mwambie nilimkumbuka kwenye Misa ya usiku wa Pasaka.

Br. Ildefonce

*

Kibosho,
5 Mei 2024

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole sana kwa msiba wa bruda mzee.

Mama mzima. Mimi mzima. Mafunzo nimemaliza tarehe 26 Aprili, siku mbili, tulikuwa wanaume tisa na mimi. Karatasi zangu zote zimeshapita isipokuwa moja.

Wavu nilijaribu mwaka jana. Bata walitua juu yake ukalala. Kusia kwa kuchelewa ni kukosa zamu ya maji, ndilo kosa lenyewe ninalokimbia. Barua nzuri kamati wanazo rundo.

Niliuliza jicho lako hukujibu. Niliuliza sahihi hukujibu. Basi nikuandikie kilichotokea kwenye kikao cha ukoo, Jumapili tarehe 28, kama nilivyokiandika jioni yake.

Tulikaa uani, watu kumi na mmoja. Baba mdogo Sirili alifungua kwa sala, mbege ikazunguka, kisha akasema hoja haina mjadala. "Bunduki haiolewi, Salvina. Wewe umerudi nyumbani, sawa, karibu. Kesho ukipata mume mwingine, bunduki ya ndugu yangu Remigius inakwenda kwa watu."

Nikamwambia, "Baba mdogo, nina miaka thelathini na minane, na yule wa kwanza mende alikuwa ananiita mimi nije niue. Nani atakuja kunioa kwa ajili ya bunduki nzito?"

Watu walicheka, hata yeye. Akasema, "Haya, chukua ule ufagio. Tuone kama unajua kushika."

Nikachukua ufagio nikauweka begani kama nilivyofundishwa, bega la kushoto.

"Yesu na Maria!" akasema. "Tazameni! Anashika kama kaka yake."

Nikasema, "Kaka alikuwa anashika kulia. Mimi nilimwona."

"Hiyo ni baadaye. Baada ya kufungwa." Akageukia wenzake, akawa anasimulia kama hadithi ya kuchekesha. "Ildefonce akiwa na miaka mitatu kila kitu anapokea kwa kushoto. Kijiko kushoto, uji kushoto, anamsalimu padri kwa kushoto! Remigius akasema mkono wa kushoto haupokei mbege nyumbani kwangu. Akamfunga huo mkono kiunoni kwa kamba ya mgomba. Kwaresma nzima, wiki sita. Pasaka mtoto anakula kwa kulia kama mtoto wa watu."

Fundi Rogath, aliyekuja kwa ajili ya habari ya kitako, akasema, "Meku, mzee wangu, na bata je? Si ndiye yule wa Kahe?"

"Ndiye huyo huyo! Risasi kumi na moja, hakuna bata hata mmoja. Remigius akasema mbele yetu wote, huyu mpelekeni kwa mapadri akashike mishumaa, bunduki imemkataa."

Wakacheka tena. Mama alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho. Alisema tu, "Hazikuwa wiki sita. Zilikuwa nane." Akaendelea kumimina.

 Halafu baba mdogo akasema kwamba kama mzaliwa wa kwanza ataandika kwa mkono wake kwamba anaiachia bunduki kwangu, yeye hana kinywa cha kupinga, naye atasaini chini yake. Wote wamekubali. Karatasi ya muhtasari iko humu ndani. Nafasi yako iko wazi, mstari wa kwanza.

Mwaka ule wa Kahe nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka ulirudi ukalala bila kula, na Januari ukaondoka na begi la baba. Sikuwahi kukuuliza, na leo sikuulizi. Nasema tu kwamba zimebaki siku hamsini na sita.

Salvina

*

Abasia, Songea,
29 Mei 2024

Mdogo wangu Salvina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hii inaletwa na padri anayekuja Moshi kwa basi. Ameahidi kuifikisha parokiani.

Nilijipima tarehe 18, baada ya masifu ya asubuhi, kwenye korido ndefu, nikitazama kinara kilicho mwisho wake. Nilirudia mara tano. Zote la kushoto. Tarehe 19 nilirudia nje kwa kutazama mnara. La kushoto.

Habari ya kamba siikumbuki. Nimejaribu kuikumbuka na sikupata kitu. Nimekuwa nikiangalia mikono yangu karakanani: nyundo nashika kulia, lakini nikiwa peke yangu randa naisukuma kwa kushoto. Bruda mzee aliwahi kuniuliza kwa nini nabadilisha mkono akiingia mtu. Nilidhani ananitania.

Risasi zilikuwa kumi na moja, baba mdogo yuko sahihi. Mwaka ulikuwa 1996, Desemba 27. Zote nilizipiga kutoka bega la kulia, jicho la kushoto likiwa wazi, kwa bunduki iliyopinda kulia. Kwa hesabu ya vipimo, marisau yalikuwa yanapita karibu mita moja kando ya kila bata. Mpigaji yeyote mwenye jicho langu angekosa. Nakuandikia hili kama taarifa.

Muhtasari nimeusaini. Maelezo ya kukuachia nimeyaandika kwa mkono wangu nyuma ya karatasi, Abate amegonga muhuri kama shahidi.

Mwambie Rogath hivi. Akate sentimita nne kutoka nyuma, asikate zaidi. Atumie msumeno wa meno madogo, azungushie karatasi ya gundi kwanza ili mbao isichanike. Upande wa kushoto asiuguse. Upande wa kulia, pale shavu lako la kushoto linapolala, apunguze kwa tupa kidogo kidogo, unene wa maharage, huku wewe umeishika na kumwelekeza. Asithubutu kukinyoosha kwa moto. Baada ya hapo apake mafuta ya kitani mara tatu. Mitutu apitishe kitambaa na mafuta mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukiona vishimo ndani, usipige, niandikie.

Mwambie mama kwamba sina neno naye.

Br. Ildefonce

*

Abasia, Songea,
12 Juni 2024

Mdogo wangu Salvina,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kabla ya kupata majibu yako, kwa posta ya kawaida, maana hakuna anayesafiri.

Nimeomba likizo ya wiki mbili mwezi wa nane. Ni mara ya kwanza tangu nifunge nadhiri za daima ukiacha mazishi ya baba, ambako nilikaa siku mbili. Abate ameridhia.

Nina ombi. Usikate kitako mpaka nifike. Nimepima mkono wangu: ni sentimita 37, sawasawa na kilivyo. Ningependa kukiweka bega la kushoto mara moja kikiwa na urefu wake, na kupiga bata mmoja, au kumkosa, nijue. Baada ya hapo nitakikata mwenyewe. Nina msumeno wa kazi hiyo. Jina lake nimelitafsiri.

Ni ombi tu.

Ildefonce

*

Kibosho,
9 Julai 2024

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Mama mzima, amefurahi sana kusikia unakuja. Salamu zako nilimpa. Alikwenda kupalilia migomba na goti lile, akarudi akasema nikwambie chumba chako kina mbuzi lakini atawatoa.

Naandika kwa mpangilio ili usinielewe vibaya. Barua yako ya padri ilifika tarehe 3 Juni. Tarehe 4 nilipeleka muhtasari. Baba mdogo alisaini chini yako bila kusoma. Tarehe 6 leseni ilitoka na nikakabidhiwa bunduki. Tarehe 8, Jumamosi, Rogath alikata kitako. Barua yako ya posta imegongwa muhuri wa Moshi tarehe 24 Juni, nami niliichukua parokiani tarehe 30.

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya parokia. Mbao haioti. Sina cha kukwambia kuhusu hilo isipokuwa tarehe.

Rogath alifuata maelezo yako. Kwenye mafuta ya kitani alitaka kupaka mara moja, nikamsomea barua, akapaka mara tatu akilalamika kwamba bruda anaamuru kama mke. Mitutu ni misafi, hakuna kishimo.

Kibali cha kuwinda ndege kinaanza tarehe 1 Julai. Kitalu nilisia tarehe 2. Tarehe 4, saa kumi na mbili na robo asubuhi, waliteremka kama arobaini, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya tuta la mfereji mkuu. Risasi ya kwanza nilikosa, nilisimamisha mkono. Ya pili nilikosa, sijui kwa nini. Wakazunguka wakarudi, kwa dharau, na ya tatu nikampata mmoja, hatua kama ishirini na tano. Wengine waliondoka. Tarehe 5 walikuja tisa, nikapiga wawili. Tangu tarehe 6 wanatua kwa mbali, upande wa Kahe, wananitazama. Miche imeota yote. Leo ni siku ya saba. Zamu yangu ya maji ni tarehe 26 na nitakuwa na cha kupanda.

Begani nina alama ya zambarau. Bega la kushoto.

Kuhusu kupiga: nilimuuliza yule afisa. Leseni ni ya jina moja. Mtu mwingine akivuta traiga, hata kaka, hata mtawa, silaha inarudi ghalani na mimi nashitakiwa. Sitakupa, kaka. Naisema hapa kwenye barua ili tusije tukaisemea tutani tukiwa tumekaa. Mwezi wa saba mwakani nao upo, na ploti hizi ndizo zinazotulisha mimi na mama.

Kwa hiyo sijui kama bado utataka kuja. Nisingependa uje kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Salvina

*

Abasia, Songea,
27 Julai 2024

Salvina,

Milele na milele, amina.

Kama tarehe zako ni sahihi, na sijawahi kuona tarehe yako isiyo sahihi, jana umepanda. Nimefurahi.

Umefanya vizuri kukata. Siku ile niliyoandika ombi nilijua kwamba Rogath si mtu wa kungoja. Huenda ndiyo sababu nilituma kwa posta. Kuhusu leseni, afisa yuko sahihi nawe uko sahihi. Bata wa pili ulimkosa kwa sababu ulikuwa bado unamfikiria wa kwanza. Ni kosa la kila mtu.

Nakuja. Naondoka hapa tarehe 12 Agosti, nalala Iringa, nafika Moshi jioni ya tarehe 13. Usije kunipokea stendi, uwe shamba. Mbuzi waache chumbani, nitalala chumba chenye vitabu vya baba, kama bado vipo.

Nitakaa nyuma yako kwenye tuta, sitashika kitu. Nina miaka arobaini na minne, na nataka mara moja nione mtu wa nyumba ile akiweka bunduki bega la kushoto na hakuna anayemkemea.

Ildefonce